Ramani kubwa za topografia: Namna ya kuzichapisha bila kupotosha skeli

RAMANI ya topografia yenye skeli ya 1:50,000, ambayo kila aliyesoma Jiografia katika shule ya upili anaifahamu, huonyesha kilomita moja ya ardhi kwa sentimita mbili za karatasi. Nchini Kenya, laha moja ya ramani hizo hufunika robo ya nyuzi ya longitudo na robo ya nyuzi ya latitudo. Karibu na Ikweta, umbali huo ni kilomita 28 hivi kila upande. Mchoro wenyewe basi una upana wa takriban sentimita 56, bila kuhesabu pambizo na ufunguo.

Laha hiyo ikipitishwa kwenye skana kwa nukta 300 kwa inchi, hutoka picha yenye pikseli milioni 44 hivi. Faili iliyobanwa kwa mtindo wa JPEG yaweza kuonekana ndogo diskini, lakini ikifunguliwa huhitaji takriban megabaiti 130 za kumbukumbu, kwa kuwa kila pikseli ya rangi huchukua baiti tatu. Hapo ndipo tarakilishi kuukuu huanza kusuasua. QGIS, programu ya ramani isiyolipiwa, hukwepa mzigo huo kwa kutumia nakala za picha hiyo zilizopunguzwa ukubwa hatua kwa hatua, ziitwazo piramidi, na kusoma sehemu inayotazamwa pekee.

Hata hivyo, kasoro kubwa zaidi hutokea wakati wa kuchapisha. Aghalabu programu hupunguza picha ili ienee kwenye karatasi iliyomo katika printa. Sentimita 56 zikibanwa ziwe 20 za karatasi ya A4, skeli halisi huwa 1:140,000, ilhali pambizoni bado pameandikwa 1:50,000. Msafiri wa mlimani anayepima sentimita 20 na kudhani ana kilomita 10 mbele yake, kwa hakika ana kilomita 28, na giza litamkuta njiani.

Skeli ya mstari haina udanganyifu huo, maadamu hupungua sawia na mchoro. Ndiyo ya kutegemewa katika nakala yoyote ambayo asili yake haijulikani.

Anayetaka skeli ya awali hana budi kuchagua ukubwa halisi, yaani asilimia 100, kisha kuigawa ramani katika karatasi kadhaa za A4, tisa hivi kwa laha nzima, zikipishana kwa sentimita moja ili ziunganishwe kwa gundi. Katika QGIS, mtu huandika 50,000 mahali pa skeli na kuchagua eneo analolihitaji tu, jambo linalookoa wino.

Kabla ya kuchapisha zote, karatasi moja ya majaribio yatosha. Miraba ya gridi ya kilomita moja ipimwe kwa rula, kumi kwa pamoja: ikipungua sentimita 20, mpangilio wa printa haujarekebishwa.