Kiptere na Ufuo wa Mbali

Ukisimama Kiptere, kando ya barabara inayotoka Kapsoit kuteremkia Sondu, bahari huioni wala huisikii. Maji makubwa yaliyo karibu ni Ghuba ya Winam, kule chini magharibi ardhi inakoishia. Hata hivyo naamini historia ya vilima hivi haikamiliki bila ufuo wa Tanga na mikoko yake, mahali ambapo mamia ya vijana waliletwa kwa meli, wakafa, mwezi wa Novemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vimeanza.

Walitoka India, wakitumwa na Waingereza kuuteka mji wa Tanga uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Kikosi cha watu wapatao 8,000, chini ya Jenerali Arthur Aitken, kiling'oa nanga Bombay tarehe 16 Oktoba na kufika Mombasa mwisho wa mwezi. Wiki zote hizo walikuwa wamebanana melini, wanatapika, miguu imelegea. Aitken alishauriwa awashushe Mombasa wapumzike kwanza, akakataa. Akapewa askari wa King's African Rifles walioijua nchi na vita vyake, akawakataa nao. Alikuwa na hakika kwamba Waafrika waliofunzwa na Wajerumani wangetimua mbio risasi ya kwanza ikilia.

Tarehe 2 Novemba manowari Fox ilitangulia hadi Tanga. Nahodha wake, Caulfeild, akawaarifu watawala wa mji kwamba makubaliano ya kutoshambuliana yamekwisha, kisha akauliza kama bandari imetegwa mabomu. Mji ukapata onyo, na saa baada ya saa ikapita. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, akaitumia nafasi hiyo kusafirisha watu wake kutoka upande wa Moshi kwa reli ya Usambara. Hawakuzidi sana 1,000.

Kushuka kulianza usiku, Ras Kasone. Watu walitumbukia majini na mizigo mgongoni, wakajikokota katikati ya mizizi ya mikoko, matope yakiwashika miguu, wasijue mbele kuna nini. Waliotangulia walisukumwa nyuma asubuhi iliyofuata. Tarehe 4, jua likiwa kali, kikosi kizima kikaamriwa kuingia mjini kupitia mashamba ya mpira na mkonge, humo mtu asimwone mwenzake wa hatua kumi mbele. Risasi zikachokoza mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini. Anayetundika mizinga huku kwetu Kericho hahitaji kuelezwa kundi la nyuki waliokasirika linavyoweza kumfanya mtu. Sasa mfikirie kijana aliyeumwa mara mia, macho yamevimba, bunduki ya rashasha inamsaka, na nyuma yake kuna bahari tu. Vitabu vingi hukipenda kisa hiki cha nyuki na kukisimulia kama kichekesho. Mimi sioni cha kuchekesha.

Tarehe 5 waliosalia walirudi melini, wakaacha ufuoni bunduki kwa mamia na risasi laki kadhaa. Takriban watu wao 360 walikuwa wamekufa na karibu 500 wamejeruhiwa. Upande wa Wajerumani walikufa kama 70, na wengi wa hao walikuwa askari Waafrika, wana wa bara hili wakipigana na wana wa Kashmir na Rajputana kwa ugomvi wa Ulaya.

Siku hiyo ya mwisho, ofisa wa upelelezi wa Aitken alivuka kwenda kwa Wajerumani na bendera nyeupe, akapeleka dawa na kuzungumzia majeruhi walioachwa. Jina lake ni Richard Meinertzhagen. Kwa Wakalenjin jina hilo ni kidonda. Tarehe 19 Oktoba 1905 ndiye aliyekwenda kwenye mkutano ulioitwa wa amani, akamuua Koitalel arap Samoei, orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi. Ndugu yake Koitalel, Kipchomber arap Koilegen, alikuwa orkoiyot huku kwa Wakipsigis. Serikali ya kikoloni ilimhamisha kwa nguvu mwaka 1914, mwaka ule ule wa Tanga, akafia Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo. Nikisoma juu ya bendera ile nyeupe, huwa nashindwa kuendelea. Wajerumani waliiheshimu. Meinertzhagen alirudi mzima.

Waingereza walijaribu tena kushuka ufuoni Juni 1915, safari hii wakitokea Kisumu, chini ya vilima vyetu. Walivuka ziwa, wakaiteka Bukoba, wakaangusha mnara wa simu ya upepo, na askari wakaruhusiwa kupora mji. Wao walipoteza watu wachache, ndiyo maana tukio hilo likaitwa ushindi. Nyumba zilizoporwa zilikuwa na wenyewe. Baadaye vita viliingia bara, na wapagazi Waafrika wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa.

Vita vilipokwisha, deni lake likaletwa Kericho. Mwaka 1919 serikali ilitenga ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani, ili walime kitani. Siwachukii watu hao. Aliyepoteza mguu au pafu amelipa vya kutosha, na nchi iliyompeleka vitani inapaswa kumtunza, ila imtunze kwa mali yake yenyewe. Mpango wa kuwapa wanajeshi mashamba ulikuwa wa Wazungu peke yao. Mhindi aliyetumbukia matopeni Ras Kasone hakuwa na haki ya ekari hata moja. Askari wa King's African Rifles hakuwa nayo, wala mpagazi. Mkipsigis, ambaye hakutangaza vita na mtu yeyote, ndiye aliyeondolewa kwenye malisho yake.

Kitani hakikudumu. Bei yake ilianguka ndani ya miaka miwili hivi na koloni la maofisa likavunjika. Ukipanda kutoka Kiptere hadi Kericho mjini na kusonga mbele, utayaona mashamba makubwa ya chai yaliyofuata, kwa maana katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay waliingia, na ardhi haikurudi kwa wenyewe. Mwaka 1934 ukoo mzima wa Talai, ndio ukoo wa Koitalel na Kipchomber, ukahamishiwa Gwassi, karibu na ziwa, kwenye mbung'o na malaria. Agosti 2022 Wakipsigis na Watalai waliipeleka Uingereza mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.