Mwito wa mizizi ya mahindi: Kwa nini kiduha husikia kabla ya kuvu rafiki

Katika mashamba ya Mwello na maeneo mengine ya mpaka wa Uganda na Kenya, kati ya Tororo na Busia, mkulima anaweza kupanda mahindi kwa wakati, akapalilia vyema, mvua ikanyesha ya kutosha, na bado mimea ikadumaa na kunyauka kana kwamba imekosa maji. Baadaye vimaua vya rangi ya zambarau huchomoza kando ya mashina. Hicho ni kiduha, ambacho Wajaluo wa Kenya hukiita kayongo. Kinapoonekana juu ya ardhi, sehemu kubwa ya madhara huwa imekwisha kutendeka.

Chanzo cha madhara hayo kimo katika utando mwembamba wa udongo, wa milimita chache tu, unaouzunguka mzizi. Mwaka 1904 mwanasayansi wa Kijerumani Lorenz Hiltner aliliita eneo hilo rizosfia. Humo mzizi hautulii: hutoa sukari, asidi na kemikali nyingine, na kwa njia hiyo huchagua ni bakteria na kuvu wa aina gani watakaostawi karibu nao. Udongo ulio mbali na mzizi kidogo tu huwa na wakazi tofauti, tena wachache zaidi.

Miongoni mwa wageni wanaoalikwa ni kuvu wa mikoriza. Nyuzi zao huingia ndani ya mzizi na kuenea mbali udongoni, zikiuletea mmea fosforasi ambayo mizizi yenyewe isingeifikia. Kwa malipo, mmea huwapa kuvu hao chakula kinachotengenezwa na majani.

Mwaliko wenyewe ni kemikali zinazoitwa strigolaktoni. Mwaka 1966 watafiti nchini Marekani walieleza jinsi walivyopata mojawapo katika mizizi ya pamba, na wakabaini kwamba huamsha mbegu za kiduha. Kwa takriban miaka 40 fumbo likabaki: kwa nini mmea umwite adui wake? Jibu lilitolewa mwaka 2005, watafiti wa Japani walipoonyesha kwamba kemikali hizo hufanya nyuzi za mikoriza zitoe matawi karibu na mzizi. Mwito ulikuwa wa rafiki; kiduha hudukua tu. Mbegu yake, ndogo kama vumbi, inaweza kungoja udongoni kwa zaidi ya miaka 10, ikaota pale tu inapopata dalili ya mzizi ulio jirani, kisha ikajichomeka humo na kunyonya maji na virutubisho.

Hapa ndipo umaskini wa udongo unapokuwa hatari maradufu. Mmea wenye upungufu wa fosforasi hutoa strigolaktoni kwa wingi zaidi, yaani huita kwa sauti kubwa zaidi, na shamba lililochoka ndilo linaloamsha kiduha kingi. Inashangaza kwamba hali hiyo inawakabili wakulima wa Tororo, wilaya yenye vilima vya Sukulu ambavyo mwamba wake una fosfeti nyingi, na ambako kiwanda cha mbolea kilizinduliwa mwaka 2018.

Njia mojawapo ya kupambana na gugu hili ni kubadilisha majirani wa mzizi. Kituo cha utafiti cha ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, kilibuni mfumo wa vuta-sukuma ili kuwadhibiti viwavi wanaotoboa mashina ya mahindi. Mmea wa desmodiamu hupandwa kati ya mistari, na nyasi za malisho hupandwa pembezoni. Bila kutarajiwa, ilionekana kwamba palipo na desmodiamu kiduha hupungua sana. Mizizi yake hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kiduha, pamoja na nyingine zinazozuia kimizizi kisikue na kushika mahindi, hivyo mbegu huota na kufa. Isitoshe, kwa kuwa ni jamii ya mikunde, desmodiamu hushirikiana na bakteria wa rizobia wanaotia naitrojeni udongoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu mashamba ya magharibi mwa Kenya yaliyotumia mfumo huo kwa miaka mingi ulionyesha kwamba jamii ya viumbe wa udongoni hubadilika, na kuvu hubadilika zaidi kuliko bakteria.

Njia nyingine ni kumtumia kuvu anayeshambulia kiduha bila kudhuru mahindi. Aina moja ya kuvu wa fusariamu hufikishwa kwa wakulima wa Kenya kwenye vijiti vya kuchokonolea meno, wakamkuza katika wali uliopikwa, kisha wakamtia shimoni pamoja na mbegu. Katika majaribio kwenye mashamba yapatayo 500 magharibi mwa Kenya, yaliyochapishwa mwaka 2016, mavuno yaliongezeka kwa asilimia 56.5 katika msimu wa mvua ndefu na asilimia 42 katika mvua fupi.

Hata hivyo, desmodiamu hukaa shambani miaka kadhaa na mbegu zake si rahisi kupatikana, jambo lililo gumu kwa mkulima anayekodi ardhi kwa msimu mmoja. Kwake, mbolea ya samadi na kung'oa kiduha kwa mkono ndivyo vinavyobaki. Kung'oa hakuokoi mahindi ya msimu huo, lakini shina moja la kiduha likiachwa kukomaa linaweza kumwaga makumi ya maelfu ya mbegu, na ndiyo maana hung'olewa kabla halijatoa maua.