Raba Ziwakazo: Historia Fupi na Funzo Lake

Bila shaka mmewahi kumwona mtoto aliyevaa raba ziwakazo kila akanyagapo. Wengi huzicheka, lakini historia yake yafaa kujulikana, hasa na wanafunzi wa fizikia.

Balbu ya kawaida isingedumu kisiginoni, kwani waya wake mwembamba hukatika kwa kishindo. Mwaka 1962 Nick Holonyak, mtaalamu wa kampuni ya General Electric huko Marekani, alitengeneza diodi iliyotoa mwanga mwekundu. Diodi haina waya wa kuwaka. Umeme hupita katika fuwele ngumu, na fuwele yenyewe hung'aa. Ndiyo maana hustahimili kukanyagwa.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1992, kampuni ya L.A. Gear ya California ilianza kuuza raba zenye diodi kisiginoni. Watoto walizipenda mno. Lakini katika baadhi ya raba hizo swichi ilikuwa tone la zebaki: mguu ukitikisika, zebaki huunganisha nyaya mbili na taa huwaka. Zebaki ni sumu. Kiatu kikichakaa na kutupwa, sumu hiyo huweza kuingia ardhini na majini. Jimbo la Minnesota lilipinga viatu hivyo kwa sheria, na mwaka 1994 kampuni ilikubali kulilipa jimbo dola 70,000. Taa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kile kilichofungiwa ndani ya soli, ambacho mzazi aliyelipa fedha zake hakukiona.

Mwaka 2007 ilitokea njia nyingine. Leah Buechley, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Colorado, alibuni LilyPad Arduino, yaani kompyuta ndogo ya duara, yenye upana wa sentimita 5 hivi na matundu pembezoni. Hushonwa kwenye nguo au kiatu kwa sindano na uzi upitishao umeme. Mtengenezaji huweka swichi chini ya kisigino, diodi juu ya kitambaa na betri pembeni, kisha huandika programu ya kuamua taa ziwake vipi kwa kila hatua. Uzi wa chanya ukigusana na wa hasi, hutokea shoti. Hapo hufumua, akashona upya, naye amejifunza.

Vijana mlioko shuleni sasa, mkiona kitu king'aacho, ulizeni kwanza kina nini ndani. Mkiweza, kitengenezeni kwa mikono yenu.