Nyama Iliyobaki: Kutoka Madina Hadi Bondeni

 

Mwezi huu mtukufu kila nyumba ina sufuria yake. Adhana ya Magharibi ikilia tunakula tende, tunakunywa uji, tunakula sambusa, na wengi wetu tunashiba kabla hata ya kufika kwenye nyama. Baada ya Tarawehe sufuria iko pale pale, nusu. Asubuhi mama anauliza, "Hii nyama ya jana nani atakula?" Kimya. Kijana anasema yeye hali kiporo. Na Idd ikifika, hasa Idd ya kuchinja, swali hilo linakuwa kubwa zaidi, kwa sababu sasa si sufuria moja bali ni mbuzi mzima.

Makala haya ni ya historia, lakini ni historia ya hiyo sufuria. Tutatazama Waislamu waliotutangulia walifanya nini na nyama iliyobaki, kule Madina na hapa kwetu Bonde la Ufa. Utaona kwamba jambo tunalolidharau lilikuwa elimu, na tena lilikuwa sehemu ya ibada.

KIPORO SI MAKOMBO

Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo vijana wengi wanayachanganya. Makombo ni mabaki ya kwenye sahani, yaliyokwisha shikwa na mkono wa mlaji. Kiporo ni chakula kisafi kilicholala, kilichobaki ndani ya sufuria bila kuguswa. Lugha yetu imeyapa majina mawili kwa sababu wazee wetu waliyaona kuwa mambo mawili. Anayekataa nyama ya jana kwa kusema "mimi sili makombo" amekosea neno, na kwa kukosea neno amemwaga chakula.

Tuendelee basi mpaka kwenye asili.

SIKU TATU ZA MADINA

Katika zama za Mtume Muhammad (S.A.W.) hapakuwa na friji, na jua la Hijazi mnalijua, si la mchezo. Hata hivyo watu walikuwa wakiweka nyama. Waliikata vipande virefu vyembamba, wakaitia chumvi, wakaianika. Nyama hiyo iliitwa qadid. Imepokewa kwamba mtu mmoja alitetemeka kwa haiba alipozungumza na Mtume (S.A.W.), naye akamtuliza kwa kumwambia kuwa yeye si mfalme, ni mtoto wa mwanamke aliyekuwa akila nyama kavu. Tazama jinsi chakula cha watu wa kawaida kilivyotumika kuondoa hofu.

Hata zile siku tatu baada ya Idd al-Adha, tarehe 11, 12 na 13 Dhulhijja, zinaitwa siku za Tashriq. Wanazuoni wengi wanaeleza kuwa jina hilo linatokana na kuanika nyama juani. Yaani kalenda yetu yenyewe imebeba kumbukumbu ya nyama iliyobaki.

Sasa ndugu yangu, sikiliza kisa hiki, maana ndicho kiini cha makala. Mwaka mmoja Mtume (S.A.W.) aliwakataza Masahaba kubaki na nyama ya kuchinja majumbani zaidi ya siku tatu. Wakatii. Mwaka uliofuata wakauliza: je, tufanye kama mwaka jana? Akawaruhusu wale, walishe wengine na waweke akiba. Kisha akawaeleza sababu ya lile katazo: mwaka ule watu walikuwa katika dhiki, na alitaka wasaidiwe. Katika mapokezi ya Bi Aisha (R.A.) tunasoma kwamba kulikuwa na maskini wa majangwani waliofika Madina wakati wa Idd, na katazo lilikuwa kwa ajili yao.

Je, unaona? Nyama haikuwa na tatizo. Kuihifadhi hakukuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa ni kuweka akiba huku mgeni mwenye njaa amekaa mlangoni. Njaa ilipopungua, akiba ikarudi kuwa halali. Bi Aisha (R.A.) mwenyewe amesimulia kuwa walikuwa wakiweka makongoro na kuyala baada ya siku 15. Naye Thawban (R.A.) aliamrishwa na Mtume (S.A.W.) aitengeneze nyama ya mnyama waliyemchinja safarini, akawa anamlisha kutokana na nyama hiyo mpaka wakaingia Madina.

Kwa hiyo kanuni ya Madina ni fupi: tazama kwanza nje ya mlango, kisha ndiyo ufunge kabati.

NYAMA YA SAFARI KATIKA BONDE LA UFA

Elimu hii ilifikaje kwetu? Ilikuja na wasafiri.

Kabla ya reli, misafara ya Waswahili kutoka Pwani ilikuwa ikipita Naivasha na Nakuru kuelekea Ziwa Baringo, kutafuta pembe za ndovu. Mmoja wa wakuu wa misafara hiyo alikuwa Jumbe Kimameta wa Pangani, ambaye mwaka 1883 alisafiri pamoja na Mwingereza Joseph Thomson kupita nchi ya Wamaasai. Kule Njemps, kusini mwa Baringo, misafara ilinunua nafaka kwa Wailchamus, waliokuwa wakilima kwa kumwagilia maji. Msafiri wa namna hiyo hakuwa na anasa ya kutupa chakula. Akipata nyama leo, lazima aifikirie kesho na keshokutwa, kwa sababu mbele yake kuna siku kadhaa bila soko.

Nao wenyeji walikuwa na ujuzi wao. Wamaasai wana nyama inayoitwa olpurda, inayokaangwa kisha kuhifadhiwa ndani ya mafuta yake. Hakuna aliyehitaji kumfundisha mfugaji wa bonde hili kwamba mafuta hulinda nyama.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1904 Nakuru ikatangazwa kuwa mji. Pamoja na reli na mashamba ya masetla wakaja Waislamu wa kila aina: Waswahili, Wahindi wenye maduka, Wanubi waliokuwa askari na ambao baadhi yao walikaa Eldama Ravine, na Wasomali, hasa wa ukoo wa Isaaq. Hawa Isaaq walikuja kama askari, wafanyakazi na wafanyabiashara wa mifugo, wakakaa Naivasha, Gilgil na Nakuru. Katika mitaa ya zamani kama Bondeni jiko la huyu lilinukia mpaka kwa yule.

Katika jiko la Msomali kulikuwa na nyirinyiri, ambayo wao wenyewe huiita muqmad au oodkac. Nyama isiyo na mafuta hukatwa vipande virefu, huanikwa ikauke kiasi, kisha hukatwa vipande vidogo vidogo na kukaangwa polepole mpaka maji yote yaishe. Halafu hutiwa ndani ya samli au mafuta ya mnyama, pamoja na iliki na kitunguu saumu, na kufunikwa vizuri. Ikitengenezwa sawasawa hukaa miezi.

Siri yake ni nini? Vijidudu vinavyoozesha nyama vinahitaji maji ili viishi. Kuanika na kukaanga kunayaondoa maji, na mafuta yakiganda juu yanazuia hewa na unyevu visirudi. Mama zetu hawakusoma hayo darasani. Waliyajua kwa mikono.

Na msidhani nyirinyiri ni chakula cha dhiki tu. Kwa Wasomali wa kaskazini, Isaaq wakiwemo, muqmad ndiyo heshima ya harusi. Hutiwa katika chombo kinachoitwa xeedho, ikafunikwa kwa tende zilizopondwa, kisha chombo hufungwa kwa nguo na kamba zenye mafundo mengi. Siku chache baada ya harusi jamaa za bwana harusi hutakiwa kukifungua mbele ya watu, fundo moja moja, kwa adabu na subira. Nyama iliyokaa inaletwa mbele ya wageni wa heshima. Nasi tunaona haya kula nyama ya jana!

IDD YA 2007

Kuna mwaka mmoja ambao mtu wa Nakuru hawezi kuuruka. Idd al-Adha ya mwaka 1428 Hijria iliangukia karibu tarehe 20 Desemba 2007, wiki moja tu kabla ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba. Watu walichinja, wakagawa, wakala. Kisha nchi ikawaka moto. Kote nchini zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Nakuru yenyewe ililipuka kuanzia tarehe 24 Januari 2008, serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku, na maelfu ya watu waliokimbia makwao sehemu mbalimbali za Bonde la Ufa wakajazana kambini, pale kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo.

Hesabu siku. Kutoka Idd ile mpaka Januari 24 ni kama siku 35. Nyama mbichi ya Idd ingekwisha oza zamani. Nyirinyiri iliyopikwa kwa njia ya zamani ingekuwa bado nzima ndani ya kopo, hata kama stima imekatika, soko limefungwa na duka limechomwa.

Lakini kumbuka na kile kisa cha Madina. Wale waliolala kwenye uwanja wa maonyesho walikuwa kama wale wa majangwani waliofika Madina: wageni wenye njaa, mlangoni kwetu. Siku kama hizo akiba inageuka kuwa amana. Mwenye kopo la nyama anaulizwa, nani yuko nje? Wala haulizwi huyo aliye nje ni wa kabila gani au dini gani.

FRIJI IMETUBADILISHA

Siku hizi wengi tuna friji. Alhamdulillah, ni neema. Lakini imetuletea tabia mbili. Ya kwanza, tunasukuma nyama ndani na kuisahau, mpaka siku moja inatupwa ikiwa jiwe. Ya pili, zamani nyama ilipozidi, kuharibika kwake kulitulazimisha kumkumbuka jirani. Sasa friji inaturuhusu kumsahau. Mashine haina makosa, ndugu yangu. Ni sisi.

Kuna mambo ya usalama ambayo kila kijana anayeingia jikoni ayajue. Nyama iliyopikwa isiachwe wazi zaidi ya saa mbili. Iweke kwenye friji ndani ya chombo chenye kifuniko, na uile ndani ya siku tatu au nne. Unapoirudisha motoni ichemke kabisa mpaka ndani, usiipashe vuguvugu tu. Pasha kile utakachokula, usipashe sufuria nzima kila siku. Na ikiwa imebadilika harufu au inateleza, usijaribu bahati yako.

NYAMA YA JANA, CHAKULA CHA LEO

Sasa twende jikoni, na hapa nawaambia hata makaka, si kazi ya dada zenu peke yao.

Mchuzi wa viazi. Viazi vya Molo na Mau Narok tunavyo kwa wingi. Kaanga kitunguu kiwe rangi ya dhahabu, tia kitunguu saumu, tangawizi, nyanya na bizari kidogo. Tia viazi na maji, viive karibu kabisa. Hapo ndipo utie nyama ya jana, uliyoichambua vipande vidogo, ichemke sawasawa. Ukiitia mapema itakuwa kamba, kwa sababu ilikwisha iva jana. Malizia kwa dania na ndimu. Nyama choma iliyokauka ndiyo inayopendeza zaidi hapa, kwa sababu ule moshi wake unaingia kwenye mchuzi.

Tharid. Hiki kilikuwa chakula kilichopendwa na Mtume (S.A.W.), hata akakitumia kama mfano alipomsifu Bi Aisha (R.A.). Ni mkate uliolowekwa katika mchuzi wa nyama. Wewe una chapati za jana na mifupa ya jana. Chemsha mifupa na kitunguu na pilipili manga mpaka upate supu, kata chapati vipande, mimina supu juu, weka nyama katikati. Kwa daku ya baridi ya Nakuru, mwezi unapoangukia Julai au Agosti, hakuna kinachoshinda.

Sambusa. Nyama ya jana iliyosagwa au kukatwa ndogo ndogo, ikakaangwa na kitunguu kingi na dania, ndiyo sambusa ya leo. Nyama ya watu wawili inajaza sambusa za nyumba nzima na sahani ya jirani.

Umeona? Nyama kidogo, pamoja na viazi, mkate au kitunguu, inakuwa nyingi. Na ikiwa nyingi, inatoka nje ya mlango.

NI NINI KILICHOBAKI?

Wamepokea wanazuoni kwamba siku moja alichinjwa kondoo katika nyumba ya Mtume (S.A.W.), na nyama ikagawiwa. Akauliza ni nini kilichobaki. Bi Aisha (R.A.) akasema halijabaki ila bega. Mtume (S.A.W.) akamjibu kwamba kondoo wote amebaki, isipokuwa hilo bega.

Kile kilichotoka mlangoni ndicho kilichobaki kwa Allah (S.W.T.). Kile kilichobaki ndani ya nyumba ndicho kinachokwisha.

Basi kijana mwenzangu, leo baada ya Tarawehe funua sufuria. Gawa sehemu ya jirani kabla ya kuilaza, nayo iwe nzuri kama ile utakayokula wewe. Inayobaki ihifadhi kwa elimu, na kesho uipike kwa heshima. Na kama nyumbani kwenu kuna bibi au shangazi anayejua kutengeneza nyirinyiri, kaa naye Idd hii ukiwa na kisu mkononi, akufundishe.

Allah atutakabalie saumu zetu, na asitufanye miongoni mwa wanaofuja. Wabillahi tawfiq.