Ndege Imebadilishwa? Jua Kiti Utakachokalia Kabla Pesa Itoke Mfukoni

Wacha tuseme umejibana mwaka mzima, ukaweka ganji, ukamkatia mathe tiketi aende ng'ambo kuona wajukuu. Ukamchagulia kiti cha kando ya njia juu ya goti lake lenye husumbua. Wiki moja kabla ya safari, meseji inaingia: ndege imebadilishwa. Saa ya kuondoka ni ileile na namba ya safari ni ileile, lakini ramani ya viti imebadilika. Mathe sasa yuko katikati ya wasee wawili hajui, na safari ni masaa nane.

Wengi wetu hununua tiketi kwa kuangalia vitu viwili, bei na jina la kampuni. Lakini chenye kitabeba magoti yako ni aina ya ndege. Kampuni moja inaweza kuwa na ndege inayokupea raha na nyingine yenye utashuka ukitembea kama umetoka kuvuna chai. Basi kaa rada, tukuchanulie.

Mbona ndege hubadilishwa?

Jibu fupi ni chapaa na spea. Ndege ikikaa chini haiingizi kitu, na ikiruka na viti vitupu inakula hasara. Kwa hivyo kampuni hucheza karata kila siku: ndege kubwa inaenda penye abiria wamejaa, ndogo inatumwa penye wamepungua, na moja ikiharibika nyingine inaletwa kujaza pengo.

Angalia Kenya Airways. Aprili 2014 ilipokea Dreamliner yake ya kwanza, Boeing 787-8, kisha zikafika tisa. Boeing 767 za zamani zikatoka. Mambo ya pesa yalipokuwa magumu, mwaka wa 2016 zile Boeing 777-300ER tatu kubwa zikakodishwa kwa Turkish Airlines. Ndio maana ukipanda KQ leo kwenda mbali, kama ile safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York iliyoanza Oktoba 2018, utakalia 787.

Ukiwa na ndege tisa za safari ndefu, tatu zikikaa chini hilo ni shimo kubwa. Hiyo ndiyo ilitokea 2025. Kampuni ilitangaza hasara ya takriban shilingi bilioni 12 katika nusu ya kwanza ya mwaka, na Dreamliner tatu kukosa kuruka ikatajwa kama sababu kubwa. Hii shida haiko Kenya pekee. Spea za injini zimekuwa noma dunia nzima, na kampuni nyingi zimelazimika kuegesha ndege.

Ndege zenye utakutana nazo sana

*Boeing 787-8 (Dreamliner).* Ya KQ ina viti 234: 30 vya daraja la biashara na 204 vya ikonomi. Ikonomi imepangwa tatu-tatu-tatu. Hapo kuna siri. Boeing iliipangia hii ndege watu wanane kwa safu, lakini kampuni nyingi zikaamua kuweka tisa. Kiti kikabaki karibu inchi 17 kwa upana. Japan Airlines ni kati ya wachache walioweka wanane kwa safari za kimataifa.

*Boeing 737-800.* Hii ni ya safari za kati. Ya KQ ina viti 145, na ikonomi ni tatu-tatu. Kwa hivyo kila safu iko na watu wawili wenye wamebanwa katikati.

*Embraer 190.* Ni ndogo, viti 96 kwa KQ, na watu wengi huidharau wakiiona uwanjani. Usiidharau. Ikonomi yake ni wawili-wawili, kumaanisha hakuna kiti cha katikati kabisa, na kiti chenyewe ni kipana kuliko cha 737, kama inchi 18.

*Dash 8-400.* Hii ndiyo ya Jambojet, yenye mapanga mbele ya mabawa na viti 78. Pia ni wawili-wawili. Kelele na mtetemo husikika zaidi kwa safu zilizo karibu na mapanga, kwa hivyo kama unataka kulala, kaa mbali nazo.

*Boeing 777-300ER.* Utaipata sana ukienda Dubai na Emirates. Ikonomi yao ni tatu-nne-tatu, watu kumi kwa safu. Mwili wa ndege ni mkubwa lakini kiti si kikubwa.

*Airbus A330.* Uganda Airlines wana A330-800 mbili za safari ndefu. Ikonomi ni wawili-wanne-wawili. Kama mnasafiri wawili, chukueni pande ya dirisha. Hamtakuwa na mtu wa tatu wa kurukwa mkienda msalani.

Hewa: uko Nairobi ama Nyahururu?

Hii watu hawaambiwi. Ndege ikiwa juu kabisa, hewa ya ndani hushindiliwa ili upumue, lakini haishindiliwi hadi ifike ile ya Mombasa. Kwa ndege nyingi za zamani, mwili wako huhisi kama uko hadi mita 2,400 juu ya bahari. Hiyo ni kama kukaa Nyahururu. Kwa 787 kiwango hicho ni kama mita 1,800 tu, yaani Nairobi.

Sababu ni kwamba mwili wa 787 umetengenezwa kwa nyuzi za kaboni badala ya alumini tupu. Unavumilia presha zaidi, na hauogopi kutu, kwa hivyo hewa inaweza kuachwa na unyevu kidogo. Ndio maana msee akishuka kwa Dreamliner baada ya masaa kumi na tano, kichwa na koo humsumbua kidogo kuliko vile angekuwa kwa ndege ya zamani. Airbus A350, kama zile za Ethiopian, pia ziko vizuri hapo. Kama unampeleka mzee mwenye shida ya kupumua, hii si anasa. Ongea na daktari kwanza, halafu uangalie aina ya ndege.

Magoti na damu

Namba yenye unafaa kuuliza ni umbali kutoka mgongo wa kiti chako hadi mgongo wa kiti cha mbele. Ikonomi nyingi huwa kati ya inchi 30 na 32. Inchi mbili zinaonekana kitu kidogo, lakini kwa mtu wa futi sita ndio tofauti ya kukaa na kubanwa.

Usichukulie hii kama malalamishi ya watu wa kudeka. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti mwaka wa 2007 yakionyesha kwamba kukaa bila kusonga kwa masaa manne ama zaidi huongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwa mishipa. Hatari yenyewe bado ni ndogo kwa mtu mwenye afya, na haiko kwa ndege tu, hata basi la usiku la Mombasa limo. Lakini mama mjamzito, mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji, ama mtu aliyewahi kuganda damu anafaa kuchukua kiti cha kando ya njia na kusimama kila mara.

Vile utajua kabla ulipie

Kwanza, ukiwa kwa ukurasa wa kununua tiketi, bonyeza maelezo ya safari. Aina ya ndege huandikwa hapo, saa zingine kwa kodi: 788 ni Dreamliner ndogo, 738 ni 737-800, E90 ni Embraer 190, DH4 ni Dash 8-400, 77W ni 777-300ER, 359 ni A350-900.

Pili, soma nani hasa ataendesha hiyo ndege. Unaweza kununua tiketi kwa kampuni moja na ukabebwa na nyingine, kwa sababu wameungana ama wamekodisha.

Tatu, fungua ramani ya viti. Hesabu safu. Usichukue ile ya mwisho karibu na choo, mara nyingi kiti hakiegemei nyuma. Ukitaka kutikiswa kidogo, kaa karibu na mabawa. Safu ya mlango wa dharura ina nafasi poa, lakini mathe mwenye goti bovu hataruhusiwa kukaa hapo, kwa sababu mwenye kukaa huko lazima aweze kufungua mlango na kusaidia.

Na wakibadilisha je?

Ingia kwa tiketi yako siku hiyohiyo, usingoje uwanjani. Mara nyingi ramani mpya inakuwa bado wazi na viti vizuri vinaenda kwa wenye wameamka mapema. Kama ulilipia kiti maalum na hukupewa, dai pesa yako kwa maandishi na uweke risiti. Kama kuna sababu ya kiafya, iseme wazi wakati wa kununua, si pale kwa mlango wa ndege. Ukitaka kiti cha magurudumu uwanjani, omba mapema, kwa kawaida hakilipishwi.

Mathe wangu mwenyewe ako na goti la hivyo. Mara ya mwisho tulilinganisha tiketi mbili. Moja ilikuwa rahisi, lakini ni tatu-nne-tatu safari yote. Nyingine ilizidi kidogo, na ilikuwa na viti viwili pande ya dirisha, yeye na dadangu. Tulichanga tukalipa ile ya pili. Alipofika alipiga simu, hata hakutaja ndege. Aliuliza tu kama tumelisha kuku.