Ghala na Hati: Habari za Nafaka ya Chicago

Sisi wakulima twajua ya kuwa wakati wa mavuno bei hushuka, na mwenye deni hawezi kungoja. Yusufu alipoweka akiba katika Misri alikuwa na hazina ya Farao. Je, asiye na hazina atangojaje? Na tuangalie jinsi watu wa Chicago, katika Marekani, walivyotafuta jibu.

Mwaka 1848 ulifunguliwa mfereji wa kuunganisha ziwa Michigan na mto Illinois, na mwaka huo huo wafanya biashara wa mji wakaunda chama chao. Hapo kwanza nafaka ilichukuliwa kwa magunia, na kila gunia lilijulikana ni la nani. Reli ilipoleta ngano nyingi mno, yakajengwa maghala marefu yenye mashine za mvuke, na nafaka za watu wengi zikachanganywa. Basi ilibidi kuzipanga kwa daraja, kazi ambayo chama kiliianza mwaka 1856. Mwenye nafaka akapewa hati ya kudai kiasi kile kile cha daraja ile ile.

Hati hiyo iliweza kuuzwa, au kuwekwa rehani benki. Lakini benki iliogopa bei kuanguka. Kwa hiyo mfanya biashara aliuza mapema, kwa bei iliyopatanwa siku ile, nafaka ya kutolewa miezi ya mbele. Mwaka 1865 chama kikaweka kanuni za mapatano hayo, pamoja na amana ya fedha. Hivyo hofu ya bei ilihamia kwa watu walioichukua kwa kutumaini faida. Na wengine wao wakaifanya kamari.

Lakini shina la yote ni uaminifu wa mwenye ghala. Mwaka 1872 ilionekana ya kuwa Munn na Scott wametoa hati kupita nafaka iliyokuwamo. Illinois ilikuwa imekwisha kutunga sheria ya maghala mwaka 1871. Wenye maghala wakaipinga, na mwaka 1877 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua ya kuwa mali inayotumikia watu wote yaweza kuongozwa na sheria.

Tanzania nayo ilitunga sheria ya stakabadhi za ghala mwaka 2005. Basi ndugu, thamani ya karatasi ni nafaka iliyomo ghalani. Kabla ya kuipokea, na tuulize: nani ana ufunguo, na nani humkagua?