Nikikataa, Watamfukuza Mtoto?

Leo hatuzungumzi juu ya chanjo wala uji wa watoto. Mama mmoja wa hapa Munyaka alinijia akiwa na karatasi mkononi. Mtoto wake ana uvimbe wa taya, na madaktari wameomba aingie katika utafiti wa dawa za saratani. Akaniuliza, "Sista, nikikataa watamfukuza?"

Hapana, hawamfukuzi. Lakini jibu hilo lina historia, na sehemu yake ni ya huku kwetu.

Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Mwaka uliofuata akaandika juu ya ugonjwa huo, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili 10,000 hivi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wanauona. Kisu hakikufaa sana. Dawa ndizo zilizoyeyusha uvimbe, wakati mwingine kwa siku chache tu. Mwaka wa 1967 kituo cha kutibu na kulinganisha dawa hizo kikafunguliwa Mulago, chini ya Dkt. John Ziegler kutoka Marekani. Wamarekani walipoondoka enzi za Idi Amin, Dkt. Charles Olweny akaendelea na kazi. Kwa hivyo baadhi ya dawa tunazowapa watoto leo zilipimwa kwa watoto wa majirani zetu.

Na ruhusa je? Mwaka wa 1964 chama cha madaktari wa dunia kilitoa Azimio la Helsinki: mgonjwa aelezwe, akubali kwa hiari. Lakini kule Alabama, Marekani, wanaume weusi wenye kaswende walichunguzwa bila kutibiwa tangu 1932 hadi 1972, hata penisilini ilipokuwa imepatikana. Azimio liliporekebishwa mwaka wa 1975, liliongezwa neno ambalo mama wetu alikuwa akilitafuta: mgonjwa akikataa utafiti, jambo hilo lisiharibu uhusiano wake na daktari.

Baadaye watu wakaanza kupima yaliyo moyoni mwa mgonjwa. Mwaka wa 2000, huko Uingereza, Valerie Jenkins na Lesley Fallowfield walitoa matokeo ya fomu ya maswali 16, iliyojazwa na wagonjwa 204 wa saratani baada ya kuombwa kuingia katika utafiti. Waliokubali walikuwa 147. Wengi walisema wengine watafaidika, au kwamba wanamwamini daktari. Waliokataa nao walitaja kumwamini daktari, na pia hofu ya kupangiwa dawa kwa kura, kama kurusha shilingi.

Hilo la kumwamini daktari linanisumbua. Likiwa sababu ya kukubali na pia ya kukataa, limepima nini? Nimewasikia akina mama wengi wakisema, "Daktari ndiye anajua." Kwangu mimi huyo bado hajakubali, amenyamaza tu. Tena wale walikuwa watu wazima wakijisemea wenyewe. Huku magharibi mwa Kenya, watafiti waliitisha mabaraza kuuliza watu maoni yao juu ya utafiti na idhini, hata kwa mtoto yatima, na ripoti ikatolewa mwaka wa 2012. Baraza tunalijua kuliko fomu. Mtu hukaa, husikiliza jirani, ndipo huinua mkono.

Basi tuliketi na ile karatasi, mstari kwa mstari. Tukaona pameandikwa kwamba anaweza kumtoa mtoto wakati wowote, na matibabu ya kawaida yataendelea. Tukaona pia neno la kura, ambalo hakuwa ameelezwa. Hakutia sahihi siku hiyo. Alisema atarudi Jumatatu pamoja na baba mtoto, aulize makundi ni mangapi, na kila kundi linapewa dawa gani.